Nani Atanisemea kwa Bibi Lien

Nakhon Phanom, Thailand
8 Novemba 2023

Kwako Tantine Immaculée,

Salamu nyingi kutoka huku ukingoni mwa mto Mekong. Mimi mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimeachia, na wanafunzi wangu wa Kiingereza bado wananiita Ticha Gaë, ile herufi ya mwisho imewashinda. Habari za Durban? Habari za saluni? Na Mireille, unayeishi naye hapo South Beach, bado anakoroma au amepata mume wa kumkorofisha?

Usishangae kuona barua. Nikikupigia simu unaniweka kwenye spika, saluni nzima inachangia, na neno la leo si la spika.

Kila asubuhi kabla ya shule napita sokoni. Kuna mama anaitwa Bibi Lien, anauza supu ya tambi. Wao wanaiita kuay jap yuan, na hiyo yuan ni Wavietnam, maana wazazi wake walivuka mto huu wakikimbia vita mwaka wa arobaini na sita. Tambi zake ni nene, zinateleza, anazikata mwenyewe alfajiri, na mchuzi unakuwa mzito kidogo. Juu anaweka mbavu za nguruwe, vipande vya soseji yao iliyofungwa kwenye jani la mgomba, vitunguu vya kukaanga, na pilipili manga nyingi. Mezani kuna vikopo vinne: sukari, siki, pilipili, mchuzi wa samaki. Siku yangu ya kwanza nilimwagia vyote vinne kabla ya kuonja. Aliliondoa lile bakuli, akaniletea jingine, akasimama pembeni amenikazia macho mpaka nikaonja kwanza.

Bibi Lien ana binti, Nok, anafundisha hesabu shuleni kwetu. Ni Wakatoliki kama sisi. Huu mwaka wa pili tunakwenda misa pamoja, na nataka kumuoa.

Mama yake hakatai. Ila kwao mwanaume hajiombei mke. Lazima mtu mzima wa ukoo wake afike mlangoni na trei zilizofunikwa kitambaa chekundu, asimame mbele ya picha za marehemu wao, aseme, "Tumekuja kumwomba binti yenu." Nikamwambia hata kwetu Bukavu ni hivyohivyo, na shangazi ndiye mwenye sauti.

Baba hayupo, mama hayupo. Umebaki wewe, Tantine. Njoo Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Tiketi ni juu yangu. Kwa kuwa una ukaazi wa Afrika Kusini, hata viza haitakutoa jasho.

Ni mimi mwanao,
Gaël


Durban
22 Desemba 2023

Gaël mtoto wangu,

Bon, barua yako imenifikia juzi, wiki sita barabarani. Nimeisoma chooni kwa sababu ndiyo sehemu pekee mu hii flat yenye mlango unaofunga. Mireille anakusalimu. Mume hajapata, na kukoroma kumeongezeka.

Sisi tupo, tumechoka tu. Unajua Desemba ya Durban. Watu wa Johannesburg wanashuka wote baharini na kila mmoja anataka asukwe kabla ya Krismasi. Nasimama toka saa moja asubuhi mpaka vidole vinakataa kukunjika. Umeme unakatika, robot, hizi taa za barabarani, zinazimika, taxi zinapiga honi kama zina wazimu, na mimi na mteja na nusu ya kichwa chake tunangoja. Eish. Joto nalo halisemeki.

Habari ya huyo binti imenifurahisha sana. Sana, Gaël. Baba yako angecheza mbele ya watu, yule hakuwa na haya. Nitumie picha yake, lakini ya karatasi, hii simu yangu imejaa.

Kuhusu safari, wacha tuone. Magoti yangu hayapendi kukaa muda mrefu, na ndege ya huko ni masaa mangapi? Halafu nani atabaki na saluni? Mireille anasuka vizuri lakini na wateja hana subira. Tutaongea.

Hebu niandikie hiyo supu inapikwaje. Kila siku pap, huu ugali wa huku, na mguu wa kuku, mdomo umechoka.

Tantine wako,
Immaculée


Nakhon Phanom
2 Februari 2024

Tantine mpendwa,

Asante kwa barua, na pole kwa magoti. Nok anauliza kama unapaka dawa ya kuchua. Ananiambia niulize, kwa hiyo nauliza. Picha yake iko humu ndani. Huyo nyuma yake aliyekunja uso ndiye Bibi Lien, na hakukasirika, ndivyo alivyo akipigwa picha.

Supu ni hivi. Mifupa ya nguruwe ichemke taratibu masaa matatu, utoe povu. Tambi ni unga wa mchele na unga wa muhogo, vikombe viwili kwa kimoja, unakanda na maji ya moto, unasukuma kama chapati, unakata. Usizichemshe pembeni. Zitupe humohumo kwenye mchuzi, ndiyo siri ya ule uzito.

Siku hizi Jumamosi namsaidia kumenya vitunguu. Soko lenyewe kukishapambazuka linachangamka: mama wa samaki wa mtoni upande huu, mama wa mboga za majani upande ule, wote wanajua kwamba nimeleta posa isiyokuwa na mwenyewe. Mama wa samaki kila nikipita ananiuliza, "Shangazi amepanda ndege?"

Kwa mwendo wa posta hii Aprili imeshatupita. Tumesogeza hadi Oktoba, kuna likizo ndogo. Ni wiki mbili tu, Tantine. Bibi Lien ameshasafisha chumba cha mbele, wamekuwekea kitanda cha chini kwa ajili ya magoti. Nimemwambia unakuja. Nakuomba unijibu hilo moja wazi: unakuja?

Gaël


Durban
15 Machi 2024

Gaël,

Salamu. Tunaendelea. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, ngazi za hapa kwetu zimegeuka mto, na lifti imekufa tena. Ghorofa ya nane, kwa miguu yangu hii.

Picha nimeiweka kwenye kioo cha saluni. Watu wote wanasema ni mzuri. Yule mama anaonekana mkali, na mimi nimempenda kwa hilo.

Sasa nikuchekeshe. Supu nimejaribu Jumapili. Nguruwe sikupata, nikatumia mifupa ya ng'ombe. Unga wa muhogo nikasema si huu hapa, nikachukua ule wa fufu, nilionunua kwa Wakongo wenzetu mjini. Mtoto, nilikanda, nikasukuma, nikakata vizuri kabisa, nikatupa mu sufuria. Dakika mbili nikafunua: hakuna tambi. Zimeyeyuka zote. Imekuwa uji wa rangi ya majivu, unanuka uchachu. Mireille akachukua kijiko akala, akasema si mbaya, ila hii ni bouillie, uji wa mgonjwa. Sijui wapi nimekosea.

Kuhusu Oktoba, sikutaka kukusumbua, lakini presha yangu imepanda. Daktari wa kliniki hapendi nipande ndege. Huyo padri wenu wa huko hawezi kukusemea? Au hakuna Mkongo yeyote Bangkok, mtu mzima, umpe nauli ya basi aje na suti? Watu wa huko watajuaje?

Usikasirike.

Immaculée


Nakhon Phanom
26 Aprili 2024

Tantine,

Natumaini presha imeshuka. Huku ni joto kali, watu wanalala mchana na soko linafungwa saa tatu asubuhi.

Ulipokosea ni hapa. Unga wa fufu muhogo wake umelowekwa ukachacha, ndiyo maana uchachu. Wa tambi ni wanga tu, ule mweupe unaokwaruza vidoleni. Nilimsimulia Bibi Lien kwa msaada wa Nok. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimemfahamu miaka mitatu sijawahi kumwona anacheka vile. Akasema, "Mwambie huyo mama aje, nitamshika mkono nimfundishe."

Nikalazimika kumwambia huji. Baadaye akasema mtu asiyekuja kumsemea mtoto wake ana sababu, na sababu yenyewe ni kwamba huyo mama hatutaki sisi. Na akasema hatamtoa Nok kwa ukoo usiomtaka, na kwamba mtu wa kukodi akitia mguu mlangoni pake atammwagia maji ya kuoshea vyombo. Oktoba ikipita, nisirudi tena kukaa mezani kwake.

Mimi nilikutetea. Halafu usiku ule sikuweza kulala, kwa sababu nilikuwa nakutetea kwa maneno yaleyale niliyowaambia watu mwaka 2016. Hukuja kumzika baba. Kaka yako wa tumbo moja. Ulisema saluni imeungua. Tuliliacha jeneza siku mbili zaidi tukikungoja, wewe una makaratasi, una uwezo wa kupanda ndege kama mtu yeyote. Tangu siku ile sijakuuliza, na wewe hujawahi kunieleza.

Kama Nok humtaki kwa sababu si wetu, sema. Kama mimi ndiye humtaki, pia sema. Magoti, saluni, presha, vyote nimevisoma. Sitaki kusoma kingine cha namna hiyo. Nimechoka, Tantine.

Gaël


Durban
8 Juni 2024

Gaël,

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Salamu leo nisamehe.

Ukaazi sina. Sijawahi kuwa nao. Nilicho nacho ni karatasi ya mwomba hifadhi, ileile tangu 2006, ikiisha naomba waniongezee, wananiongezea miezi, inaisha, naomba tena. Rufaa yangu iko ndani ya faili mahali fulani. Hiyo karatasi inaniruhusu kukaa na kufanya kazi. Kutoka nje ya nchi, hapana. Nikivuka mpaka nimejifungia mlango, na miaka yote hii imekwenda bure.

Mwaka 2011 baba yako alipiga simu siku niliyotoka kwenye mahojiano. Akauliza, "Wamekupa?" Sauti yake ilikuwa na hamu, Gaël. Nikasema wamenipa. Nilifikiri ni suala la wiki chache, itakuwa kweli, nitakuwa nimetangulia tu kusema. Yeye akaenda parokiani akalipia misa ya shukrani. Watu wakaimba. Nikashindwa kurudi nyuma, na kila mwaka uliopita ulizidi kunifunga mdomo.

Saluni haikuungua. Siku mnamzika nilisuka watu wanne. Wa mwisho alitaka zile nyembamba, masaa sita. Mireille ndiye aliyejua. Alikuwa ananipa nywele moja moja. Sikulia mpaka wiki iliyofuata, nilipokuwa nafua.

Huyo binti namtaka. Wewe nakutaka kuliko kitu chochote nilicho nacho hapa, na si vingi. Kukudanganya kulikuwa aibu tu. Nilikuwa yule shangazi aliyefanikiwa Afrika Kusini, sikujua jinsi ya kuwa mwingine.

Mwambie Bibi Lien unavyotaka. Mwambie ukweli. Mimi sina tena cha kuficha.

Immaculée


Nakhon Phanom
17 Julai 2024

Tantine yangu,

Nisamehe. Nilikusudia kuandika mengi na hilo ndilo linalorudi kila nikishika kalamu. Nisamehe kwa ile barua ya Aprili. Nisamehe kwa miaka minane ya kukukasirikia nikiwa nakuchekea kwenye simu. Ungeniambia, ningekuja mimi Durban. Lakini usingeniambia, najua, na baba ndiye aliyetufundisha wote kuficha machungu.

Yako ilifika Jumatatu. Nilingoja mpaka wateja wapungue sokoni. Bibi Lien alikuwa anakata tambi. Nikasoma kwa Kiswahili sentensi moja moja kichwani, nikamwambia Nok kwa Kiingereza, Nok akamwambia mama yake kwa lugha yao. Yule mama hakuacha kukata. Akaja mtu akataka supu, akamhudumia, akampa na chenji. Ndipo akaweka kisu chini, akauliza, "Kwa nini hakusema?"

Tantine, kumbe na yeye. Alizaliwa hapahapa, lakini kwa kuwa ni mtoto wa wakimbizi wa Kivietnam aliandikwa mgeni mpaka alipofika miaka arobaini. Kadi yao haikuwaruhusu kutoka mkoani bila kibali. Dada yake aliolewa Udon, mkoa mwingine, masaa machache tu kwa basi. Bibi Lien akaomba kibali. Kikaja baada ya harusi. Siku ya harusi yenyewe alikuwa hapa, meza ileile, anamenya vitunguu vya supu. Dada alidhani amemwonea wivu, na kwa miaka kumi hawakusalimiana. Hata Nok alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Tulikaa wote watatu pale na soko likafungwa.

Mwishowe akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Aliyefungwa na karatasi hakukataa kuja. Basi na aje kwa karatasi. Aandike kwa mkono wake. Asikuandikie wewe, aniandikie mimi, aseme ambayo angeyasema kama angekuwa amesimama mlangoni. Utaisoma mbele ya picha za wazazi wangu na wageni wote. Na asifiche. Namtoa mwanangu, nataka kujua namtoa kwa nani."

Trei nitabeba mimi na walimu wenzangu. Ni tarehe kumi na mbili Oktoba. Tuma kwa njia ya haraka, tafadhali, posta hii tunaijua.

Mwanao,
Gaël


Durban, Afrika Kusini
30 Agosti 2024

Kwa Bibi Lien, mama yake Nok, nyumbani kwako Nakhon Phanom

Hodi hapo kwako, Bibi.

Gaël atasoma, na binti yako atakufikishia. Gaël, soma kila kitu. Usiruke kitu kwa kunionea huruma.

Naitwa Immaculée. Nimezaliwa Bukavu, Kongo, mtoto wa pili wa mwalimu. Niko na miaka hamsini na nne. Nasuka nywele mjini Durban, kwenye chumba chenye viti vitatu. Sina mume. Nilikuwa na mtoto mmoja, hakuishi. Kaka yangu aliponiomba nimshike Gaël siku ya ubatizo, nilimshika, na kwa hesabu yangu sijamwachia mpaka leo.

Ningekuwa mlangoni ningekuwa nimevaa kitambaa chetu kipya na ningekuwa nimechelewa kidogo kwa sababu ya magoti. Magoti ni kweli. Presha pia ni kweli, lakini si hizo zilizonizuia. Nimezuiwa na karatasi, miaka kumi na nane. Na kwa sababu yake nilimdanganya kaka yangu mpaka akafa, na sikumzika. Nakuambia mbele ya wazazi wako walioko kwenye picha, na mbele ya wageni wako, ili pasiwe na mtu wa kuja kukuambia kesho kwamba ukoo wa huyu kijana una jambo wamelifunika. Tulikuwa nalo. Ni hilo.

Kuhusu Gaël mwenyewe, hana kelele. Akikasirika ananyamaza, na huo ni ubaya, mwambie Nok amlazimishe aseme. Anamwagia chakula vikolezo kabla ya kuonja, lakini hilo umeshaanza kulitibu. Hajawahi kumpiga mtu. Mama yake alipougua alimwogesha kwa mikono yake miaka miwili na hakutafuta mtu wa kumsifia. Ukimpa binti yako, hatamwaibisha. Na kama siku moja nchi hiyo itamwambia karatasi yake imeisha, nakuomba umkumbuke kama mwanao, kwa maana wewe unajua.

Gaël ameniambia habari ya harusi ya Udon. Mimi sikuwepo, sikujui, lakini niliposoma nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaisoma tena. Nilidhani niko peke yangu.

Basi nasema lile lililonileta. Mimi Immaculée, kwa niaba ya baba yake na mama yake ambao hawapo, na ukoo wetu wote uliotawanyika, nimekuja kumwomba binti yenu Nok awe mke wa kijana wetu. Nimesimama. Sijakaa, kwetu anayeomba hakai mpaka ajibiwe.

Bibi, nimezoea kungoja majibu. Miaka yote hii sijawahi kumwambia mtu yeyote kwenye dirisha lolote la ofisi kwamba aharakishe, kwa kuogopa asije akakataa. Wewe nakuomba uharakishe. Hata ikiwa ni hapana, nitumie siku hiyohiyo.

Immaculée, shangazi yake Gaël